Sauti Niliyoifuta Nikidhani ni Upepo

Mugonile, wanangu wa dukani. Najua mtanicheka. Mtu wa miaka thelathini na sita, ambaye magoti yake hayajaanza hata kulia, anajiita mstaafu! Lakini nimestaafu kweli. Funguo za duka nimekabidhi, kiti changu cha plastiki chenye mguu uliopasuka mmekirithi, na kesho kutwa nahamia Bujonde kwenye kakao. Huko nina ndoto nyingine mbili tatu ambazo sizitaji hapa, msije mkaniwahi.

Mmeniomba niandike jinsi tulivyoijenga maktaba yetu. Nitaandika, ila msitegemee mpangilio. Mimi nimeishia kidato cha nne, na matokeo yangu mama aliyaweka chini ya godoro ili wageni wasiyaone. Nasimulia kama ninavyosimulia nikiwa napepeta mchele.

Kwa atakayeokota karatasi hizi bila kutujua: maktaba ninayosema si ya vitabu. Ni furushi la vipande vya programu ambavyo programu nyingine zinakuja kuviomba kazi. Moja inakuja inasema, nifungulie sauti hii. Nyingine inasema, nioneshe picha hii. Bila furushi hilo kompyuta yako ni bubu na kipofu, hata ukiinunua mpya. Na kuijenga maana yake ni kuchukua msimbo, yaani yale maandishi ya watunzi wa programu, kuuamuru uumbwe kuwa kitu kinachofanya kazi kwenye mashine yako mwenyewe, na wewe ndiye unachagua vipande gani viingie na vipi vibaki nje.

Duka letu ni la Baba Zuhura. Mbele anauza kanzu na vitenge kama wazazi wake waliotoka pwani walivyouza, nyuma kuna kompyuta tatu za kusafisha video za harusi, kipaimara na misiba. Zamani tulikuwa tunatumia mfumo ule ambao kila mtu anautumia, kwa nakala ya kuiba. Kila flashi iliyoingia ilikuja na virusi vyake. Siku virusi vilipokula harusi nzima ya watu wa Ipyana, ikabaki keki tu, Baba Zuhura alikaa chini akashika kichwa. Wiki iliyofuata akaja na CD ameandika kwa kalamu: Linux.

"Hii ni huria," akaniambia. "Msimbo wake uko wazi, hakuna wa kukuzuia kufungua boneti."

"Na nikifungua nikashindwa kufunga?"

"Utakuwa umejua injini ilivyo. Wenzako hata hilo hawajui, binti."

Yeye mwenyewe Kiingereza chake kilikuwa cha bei na vipimo vya vitambaa. Lakini alinifundisha jambo moja ambalo sijalisikia kwa msomi yeyote. Nilikuwa nikijenga kitu, dirisha jeusi linajaa makosa mia, nami nasoma la mwisho kwa sababu ndilo lililo mbele ya macho. Akaja nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. "Panda juu mpaka la kwanza," akasema. "Hayo mengine yote ni kilio cha msiba. Marehemu ni mmoja." Tangu siku hiyo, nikiona makosa mia, napanda juu nikatafute marehemu. Nanyi pandeni.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, ile iliyotufanya tuijenge maktaba badala ya kutumia ile inayokuja tayari.

Mama mkwe wangu ni mtu wa ufukweni mwa ziwa, mfinyanzi, mikono yake haijawahi kukauka udongo. Aliolewa akaja kukaa Itungi, kwa baba mkwe wangu, ambaye alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini enzi meli zilipokuwa zinaondoka pale. Siku moja mama akaja dukani amebeba chungu kidogo. Ndani yake majani makavu ya mgomba, ndani ya majani kitambaa, ndani ya kitambaa kadi ya kamera. Ndivyo anavyofungasha kitu asichotaka kivunjike.

"Mwanangu," akasema, "humu kuna sauti ya mume wangu."

Nikaelewa mara moja. Baba mkwe alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ulirudi kidogo, ulimi haukurudi. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa kimya, na mama alikuwa ameanza kusema jambo lililokuwa linanikata: kwamba anaisahau sauti yake. Anaamka asubuhi anajaribu kuikumbuka, haiji. Kadi ile ilikuwa na video ya siku walipokuja kwetu Ipyana kuniposa. Shemeji yangu aliirekodi kwa kamera ndogo ya kuazima. Hakuna simu wala kompyuta iliyowahi kuifungua, na hakuna mahali pengine popote ambapo sauti ya mzee yule ilikuwa imehifadhiwa. Hapo tu.

Jambo la kwanza, na hili mlishike hata mkisahau yote: kadi ya namna hiyo usiifanyie kazi. Inyonye yote ilivyo, sehemu tupu na zilizojaa, uweke nakala, kisha uirudishe kwenye chungu. Nilipokuwa nainyonya ilikwama mara mbili. Mara ya tatu ilitoka nzima. Nilipoirudisha na kuijaribu tena kesho yake, ilikuwa imekufa. Ningeanza kuchezacheza na yenyewe, leo ningekuwa naandika barua ya kuomba radhi.

Faili likapatikana, sasa likagoma. Sauti yake ilikuwa imefungwa kwa mtindo wa kizamani mno, na maktaba iliyokuja na mfumo wetu ilikuwa imekiacha nje kipande cha kuufungua, kwa kuwa hakuna anayeutumia tena. Kumbe kwenye msimbo kipande kipo, kimezimwa tu. Kazi ikawa kujenga maktaba upya, kipande kikiwa kimewashwa.

Rahisi kusema. Nikawasha, nikatoa amri ya kujenga, ile make, mashine ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba kila kitu kiko tayari, hakuna cha kufanya. Nikajaribu faili: kimya. Nikawasha tena. Hakuna cha kufanya. Siku mbili! Mashine inaniambia hakuna cha kufanya, na mimi naona kazi yote iko pale haijaguswa. Nilianza kuijibu kwa sauti. Wateja wa kanzu wakawa wanachungulia.

"Anagombana na nani?" mmoja akauliza.

"Na kompyuta," Baba Zuhura akasema.

"Nani anashinda?"

"Bado nusu ya pili."

Siku ya tatu nikatazama pembeni ya kioo nikaona saa. Kompyuta ilikuwa inaamini tuko miaka tisa nyuma. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti, kazi yake ni kuikumbusha saa umeme unapokatika. Yetu ilikuwa imekufa, na umeme wa Kyela mnaujua. Sasa make haina akili, ina tarehe tu. Inalinganisha: kilichojengwa ni kipya kuliko msimbo? Basi hakuna cha kufanya. Vipande vyangu vya kwanza, kabla sijawasha kile cha kizamani, nilivijenga saa ikiwa sahihi. Umeme ukakatika, saa ikarudi nyuma miaka tisa, na mabadiliko yangu yote yakaandikwa kuwa ya zamani kuliko kazi yaliyokuja kuibadilisha. Kwa make, mimi nilikuwa bibi kizee anayeleta habari za jana.

Nilikwenda kwa fundi saa sokoni nikanunua betri, nikafuta vyote vilivyojengwa, nikaanza mwanzo. Mashine ikanguruma mpaka saa tisa alasiri. Kwa hiyo kabla hamjagusa msimbo asubuhi, tazameni saa. Najua mnaona kama ushamba. Tazameni.

Hapo sasa ndipo likaja kosa langu kubwa, na hili halimo kwenye mwongozo wowote wa Linux duniani.

Nyie wa siku hizi mnasalimiana na baba wakwe zenu, mnakaa nao sebuleni mnatazama mpira. Mimi niliolewa kwenye nyumba inayoshika desturi. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wake usoni, hataji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, na wala mimi sikuwahi kuiona mzigo. Nikifika Itungi nikamsikia anakuja, mimi napita uani. Miaka yote ile nilikijua kikohozi chake kuliko sauti yake.

Sasa faili ni la video, na yeye yumo. Ningemtazamaje kwenye kioo? Wengine wangesema picha si mtu. Mimi moyo ulikataa. Basi nikafanya jambo ambalo nilijisifia sana: nilipojenga maktaba, nilizima sehemu yote ya picha. Nikaijenga ya sauti peke yake. Baba Zuhura alipoona alitikisa kichwa akicheka, "Fundi wa video anayejenga akiwa amefumba macho!" Lakini hakunikataza. Yeye ni mtu wa adabu zake pia.

Sauti ikatoka. Jamani! Kwanza ilikuwa inatatarika kama mahindi kwenye kikaango. Nikakuta kipande kile cha kizamani kina kosa dogo, kila kifurushi cha sauti kinaanza kusomwa hatua moja mbele ya pale panapotakiwa. Nikarekebisha mistari minne. Baadaye niliwaandikia watunzi wa maktaba hiyo, huko waliko, kwa Kiingereza cha kamusi, nikawatumia mistari yangu. Wakanijibu baada ya wiki tatu kwamba wameipokea. Kwa hiyo sasa hivi, mtu yeyote duniani anayefungua sauti ya namna ile anapita kwenye mistari minne ya msichana aliyefichiwa matokeo chini ya godoro. Mnisamehe, hapo lazima nijisifu.

Turudi. Sauti ilikuwa safi: mwanaume mwenye sauti nene, anasema taratibu, "Mimi baba wa kijana, nimekuja katika nyumba hii nikiwa na moyo mweupe." Nikasema, ndiye huyo. Chini yake kulikuwa na mvumo, unakuja unaondoka, hasa kabla hajaanza kila sentensi. Nikaona ni upepo umeingia kwenye kamera. Nikauchuja wote. Nikabeba kompyuta ndogo mpaka Itungi, najiona kama nimepeleka mvua.

Nikakaa na mama jikoni. Baba mkwe yuko chumba cha pili, ukuta katikati. Nikabonyeza. Mama akasikiliza sentensi moja, mbili. Akaanza kucheka mpaka akafuta machozi na khanga.

"Mwanangu, huyu ni kaka yangu Lameki!"

Nilitamani chungu kimoja kinifunike. Kumbe siku ya posa baba wa kijana hasemi mwenyewe, anasemewa, na msemaji anasema "mimi baba" kana kwamba ndiye. Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni kwetu, nilisikia vigelegele tu. Na Mjomba Lameki, mvuvi wa ufukweni, tulikuwa tumeonana mara chache mno. Mtu mwenye macho angeona mdomo wa nani unacheza. Mimi nilikuwa nimeyazima macho ya maktaba kwa mikono yangu.

Kicheko cha mama kilipoisha, kilichobaki usoni pake sikukipenda. "Basi yake haimo," akasema polepole. "Hakusema siku ile."

Nilikuwa nimezima kompyuta tayari nikakumbuka upepo. Nikarudi kwenye nakala ya mwanzo kabla sijachuja, nikamwekea. Mama akainamisha kichwa, namna ile anavyoinamisha akigonga chungu kipya asikie kama kina ufa.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Huo si upepo. Upepo hauvuti pumzi."

Kesho yake asubuhi tulikuwa dukani wote wawili. Nilikuwa nimeijenga upya maktaba, safari hii na picha. Mama akakaa akikitazama kioo, mimi nikakaa nimekipa kisogo, kibodi mapajani. Makubaliano yalikuwa haya: mume wake akifungua mdomo, anapiga meza kwa kiganja, mimi naweka alama. Akifunga, anapiga tena. Meza ikawa ngoma.

"Sasa!" Paa. "Amenyamaza." Paa. "Jamani alikuwa na shati lile! Ah, sasa, sasa!" Paa.

"Mama, usitazame shati."

"Nimelishona mimi, nisilitazame?"

Baba Zuhura akachungulia pazia. Akaona mama mmoja anapiga meza na fundi wake amekipa kioo mgongo. Akarudi kwenye kanzu zake. Baadaye akatuletea kahawa na kashata, akaviweka mlangoni akitazama pembeni, naye kaingia kwenye desturi asiyoijua.

Saa sita mchana nilikuwa na alama sitini na kitu. Nikakata vipande vile, nikavipandisha sauti, nikampunguza Mjomba Lameki. Na ndipo tukamsikia. Kila sentensi iliyosifiwa kwenye ukoo miaka yote ile, ile hotuba ya Mjomba ambayo watu waliisimulia kwenye pombe na kwenye misiba, ilisemwa kwanza chinichini na mwingine. "Sema nimekuja na moyo mweupe." Kisha Lameki, kwa kishindo: "Nimekuja na moyo mweupe!" Sauti ndogo, ya kukwaruza kidogo, isiyo na haraka. Mama alishika mdomo kwa mikono miwili. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo. Nilikuwa naikumbuka nene. Haikuwa nene."

Jumapili tukaisikiliza Itungi. Mjomba Lameki aliitwa kutoka ufukweni, akaja na samaki na fujo zake, hajui kinachomsubiri. Baba mkwe alikaa chumba chake mlango ukiwa wazi, mimi upande wa jikoni, ukuta katikati yetu kama siku zote. Nikabonyeza. Watu walipotambua nani alikuwa anamlisha nani maneno, nyumba ililipuka.

"Lameki! Kumbe wewe ulikuwa spika tu!"

"Nilikuwa naongeza ladha," Mjomba akasema.

"Ladha gani? Hata kikohozi umeiga!"

Kisha ikafika sehemu ambayo mimi na mama dukani tulikuwa tumeisikia, tukatazamana, tukakubaliana tusimwambie mtu mpaka siku hiyo. Ile sauti ndogo inasema: "Sema pia, binti ana kazi yake ya kutengeneza mitambo. Kwangu asikatazwe. Asiiache mpaka atake mwenyewe." Halafu Lameki, kwa kishindo: "Na sasa tuonesheni mama wa binti, tumsalimie!"

Aliiruka.

Wanangu, mjue nilikuwa nimeolewa miaka sita. Miaka sita niliamka alfajiri nikamaliza kazi za nyumbani kabla ya kuja dukani, nikiogopa siku watakaposema niache. Wageni wakija nilisema nauza vitenge. Hakuna aliyewahi kunikataza, na mimi kimya hicho nilikisoma kama mtu anayesubiri hukumu. Kumbe ruhusa ilitolewa siku ya kwanza, mbele ya wazazi wangu, ikapotea kati ya mdomo na mdomo.

Vicheko vilikuwa vimekwisha. Mama akamgeukia kaka yake.

"Lameki. Ulitumwa neno, hukulifikisha."

Mjomba akaangalia samaki wake. "Dada, niliona ni refu. Na baba yake binti alikuwa ananitazama vibaya, nikadhani tumeshamaliza."

"Hujamaliza."

Akaelewa. Mzee yule mwenye fujo akasimama, akavuta shati likae sawa, akageuka upande wangu wa jikoni. Kutoka chumba cha pili tukasikia mguno, na fimbo ikigonga sakafu mara moja. Mjomba alisafisha koo, na kwa mara ya kwanza hakuongeza ladha.

"Mimi baba wa kijana," akasema, "nimekuja katika nyumba hii. Binti ana kazi yake ya kutengeneza mitambo. Kwangu asikatazwe. Asiiache mpaka atake mwenyewe."

Sikuweza kumjibu baba mkwe, na kumwendea sikuweza. Nikamwambia mama kwa sauti ya kutosha kupita ukuta, "Mama, naomba unifikishie kwa baba. Ndaga fijo, asante sana."

Mama akainuka kwenda, ingawa sote tulijua ameshasikia. Alipofika mlangoni fimbo ikagonga tena, mara mbili, akageuka. "Anauliza," akasema, "mitambo hiyo inaweza kurudia?"

Nikarudia.